Konzi Moja ya Unga

Kabla ya kusonga ugali, Modesta alikuwa na jambo moja ambalo hakulisahau hata siku akiwa na homa. Unga wa ulezi ukishapimwa kwenye bakuli, kabla haujachanganywa na wa muhogo, mkono wake wa kulia ulishuka, ukafumba konzi moja, ngumi iliyojaa, ukaiweka kwenye kopo la bati lililokaa nyuma ya mtungi wa maji. Ndipo alipogeuka kutazama kama maji yamechemka. Hakufanya kwa kujificha, wala kwa kujionyesha. Alifanya kama mtu anavyopiga ishara ya msalaba: mkono wenyewe unajua njia.

Rhobi, mke wa mwanawe, aliutazama mkono huo kila siku, naye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Walikuwa wawili tu nyumbani, katika mji ule wa Morotonga. Mumewe, Mzee Machage, alikuwa amelala mwaka wa sita sasa, kule kaburini chini ya mikatani. Joel, mtoto pekee aliyebaki, alikuwa akifanya kazi ya kutandika vitanda kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, akija nyumbani mwisho wa mwezi, siku mbili, halafu anaondoka tena. Kila akiondoka alisema neno lilelile: "Mama, mwangalie." Na Modesta alikuwa akimwangalia. Kama kuna kitu Mungu alimpa pamoja na ujane, kilikuwa macho. Alijua kuku gani anataga kwa jirani. Alijua kwa mlio wa hatua kama Rhobi amelala vizuri au mgongo umemsumbua.

Lakini Rhobi hakuyaona macho hayo. Aliona mkono.

Aliona mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi vipande sita, vikaanikwa juani vikauke, visije vikaisha upesi. Aliona majani ya chai yakichemshwa mara ya pili. Aliona njiti ya kiberiti ikihurumiwa: Modesta alikuwa radhi kuvuka shamba na kigae mkononi kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani yake Frida, kuliko kuwasha njiti mpya. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye shina la mboga. Kanga iliyochakaa ilikuwa kitambaa cha kushikia sufuria, na kitambaa kilichochakaa kilikuwa utambi.

Kwao Rhobi ni Sirari, pale mpakani, magari yanakopanga foleni mchana kutwa na watu wanauziana kila kitu hadi maji ya moto. Mama yake, Christina, ana kibanda cha chai, na kwenye kibanda hicho sukari hukaa mezani na mfuniko wazi, mtu ajitilie mwenyewe. Binti aliyekulia hapo akaja kuolewa kwenye nyumba ambayo sukari inakaa juu ya kabati, ndani ya kopo, kopo ndani ya mfuko, mfuko umefungwa fundo.

"Mama," alimwambia Modesta siku moja, mwanzoni, wakati bado utani ulikuwa utani, "hata salamu unazibana? Nimekuamkia shikamoo ndefu, umenirudishia 'haba'."

"Nimekuachia 'mara' uitumie kesho," Modesta akajibu, na wakacheka wote wawili.

Siku hizi hawakuwa wakicheka sana.

Jumapili iliyopita, watu wakitoka ibadani, katekista Nikodemo alimsimamisha Modesta chini ya ngazi za kanisa.

"Mama Joel, Jumapili ijayo wanawake wa jumuiya wanataka somo la uwekevu. Nimekuandika wewe."

"Uwekevu ndiyo nini, katekista? Mimi niliishia darasa la saba."

"Si ndicho unachofanya? Kutumia kwa kiasi, na kinachobaki kukiweka kwa siku yake."

Modesta akalifikiria neno lile kama mtu anayepima kanga kifuani. "Kumbe miaka yote nina kitu chenye jina zuri."

"Sisi tulikuwa tunakiita jina jingine," akadakia Frida kutoka nyuma, na wanawake wakaangua kicheko. Modesta naye alicheka. Alipogeuka amtafute Rhobi wacheke pamoja, alimkuta anatazama pembeni, uso umefungwa.

Alhamisi ndipo alipojua ni kwa nini.

Alikuwa nyuma ya jiko, amechutama, anachuma mgagani. Rhobi alikuwa mbele, upande wenye mtandao, na simu sikioni. Ukuta wa jiko ni wa miti na udongo, na sauti ya Rhobi ni ya mtu wa sokoni.

"Njoo unichukue Jumamosi, mama. Nataka nijifungulie huko... Hapana. Hanipigi. Hanitukani hata kidogo. Ni mkono wa birika tu... Mama, nisikilize. Anachota unga kwenye chakula changu! Mimi na hali hii! Ananiona namtazama, na bado anachota, anaweka kwenye kopo. Kila Jumamosi anapeleka chumbani kwake, anamimina chungu cha chini ya kitanda... Sijui anamwekea nani. Joel nimeshamwambia, anasema mama yake ndivyo alivyo. Basi abaki naye. Nikitoka hapa na mtoto wangu, mimi sirudi."

Modesta alibaki amechutama hadi miguu ikafa ganzi. Mgagani ukamnyaukia mkononi.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alichokisikia kilikuwa baridi, kama mlango umefunguliwa upande wa mvua. Mtoto atazaliwa Sirari, atapewa jina Sirari, atasimama dede Sirari. Joel atahamia huko, maana mwanamume hufuata mahali mtoto wake analia. Naye Modesta atabaki na kuku wake, na vipande sita vya sabuni.

Angeweza kutoka nyuma ya jiko na kusema neno moja tu. Lakini neno hilo halikuwa la kusemwa.

Yeye mwenyewe alipoingia mji huu akiwa msichana, mama mkwe wake, bibi Agustina, alikuwa na mkono uleule. Kila siku konzi moja ya ulezi ilirudi nyuma, na Modesta, binti wa watu, alikuwa akinung'unika moyoni: mwanamke gani huyu anayeogopa chakula? Akaja kujifungua Joel mwaka wa njaa, mihogo imeoza shambani kwa mvua. Siku ya pili bibi Agustina akavuta chungu chini ya kitanda, akakata kamba, na chungu kilikuwa kimejaa. Modesta akanywa uji wa ulezi siku arobaini, asubuhi na jioni, maziwa yakamtoka mpaka yakalowesha nguo. Alipotaka kushukuru, yule mama akamkataza. "Hujala changu," alisema. "Umekula chako. Mimi nilikuwa nakutunzia tu."

Ndivyo ilivyofanyika katika ukoo ule. Mama mkwe akishaona kwa macho yake kwamba binti anatema mate asubuhi, anaanza konzi. Hamwambii. Na chungu hakichunguliwi ndani mpaka mtoto alie. Modesta hakuwa mtu wa kuogopa miiko; yote hayo alishayaweka miguuni pa Yesu siku nyingi. Lakini hii aliihesabu kuwa adabu. Mgeni ambaye bado yuko njiani na Mungu, huanzi kumpakulia kabla hajabisha hodi.

Usiku ule aliomba rozari yote, na asubuhi alikuwa amekata shauri. Adabu ni nzuri, lakini si nzuri kuliko mtoto. Mama yake Rhobi angekuja Jumamosi. Yeye Modesta angevuta chungu mbele ya wote wawili, aseme, kisha wachague wenyewe.

Ijumaa, Rhobi alipokwenda kliniki Mugumu, Modesta aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta chungu. Alitaka kukifuta vumbi tu, kisionekane kama kitu cha mchawi. Akafungua kamba, akaondoa kitambaa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya mafuta yaliyochacha.

Akasogea dirishani. Juu unga ulikuwa umefunga utando, kama buibui kapita na kurudi. Akautoboa kwa kidole, na chini yake unga ukatikisika wenyewe. Vidudu vidogo vya rangi ya kahawia, visivyohesabika, na mabuu yake meupe, na mabonge magumu kama ya udongo. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta pasipoharibika. Hapakuwepo.

Alikaa chini, mgongo kwenye kitanda, chungu katikati ya miguu.

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alijipiga kofi kwenye paji la uso. Bibi Agustina alikuwa akirudisha konzi ya *nafaka*. Enzi zile ulezi ulisagwa kwa jiwe, kila siku kiasi cha siku hiyo, na mkono ulichota punje kabla ya jiwe. Na punje ya ulezi, ukiiweka pakavu, inamzika aliyeiweka. Hakuna mdudu anayeiweza. Halafu mashine ya kusaga ikaja. Modesta akaanza kupeleka debe zima, likirudi unga. Mkono ukaendelea na desturi yake. Kilichokuwa chini ya mkono ndicho kilichobadilika, na yeye mwenye macho, anayejua kuku wa watu wanataga wapi, hakuona. Kila Jumamosi alimimina kwa kupapasa, uso ameugeuza, kwa adabu.

Miezi sita. Na katika miezi hiyo sita, tonge lililopungua lilikuwa la kwake. Hilo hakulifikiria sana. Alilifikiria lile jingine. Kwamba binti wa watu alitazama unga ukiondoka kila siku, na unga wenyewe ulikuwa unakwenda kulisha wadudu.

Palikuwa na njia rahisi. Shimo la choo lilikuwa hatua thelathini. Angemwaga, angeosha chungu, angesema hapakuwa na kitu, ni uzee. Angebaki na jina la mkono wa birika, lakini jina hilo alishalizoea. Na Jumapili angesimama mbele ya wanawake kufundisha uwekevu, hakuna ambaye angejua.

Aliinuka hata akakibeba chungu mpaka mlangoni. Pale mlangoni akamkumbuka yule mjane wa Sarepta, aliyekuwa na konzi moja ya unga ndani ya pipa, na mtu akamwomba, naye akampikia. Ule haukuingia mdudu, Modesta akawaza, kwa sababu ulitoka. Akakirudisha chungu chumbani, akakifunga kamba kama kilivyokuwa.

Jumamosi, jua likiwa juu ya nyumba, Christina akashuka kwenye pikipiki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kibanda cha chai. Nyuma yake ilifungwa mizigo: mafuta ya kupikia ya upande wa pili wa mpaka, mikate mitatu, sukari kilo tano, soda.

"Mkwe! Hamjambo hapa? Enyewe hii barabara yenu imenipiga mgongo mpaka nimesahau jina langu."

"Karibu mkwe, karibu. Tutakuita lolote, utaitika."

Wakakumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za mguu wa mzee wa Sirari. Rhobi aliamkia, akaleta viti, akaleta chai. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa nyuma ya mlango, na Modesta alikuwa ameliona tangu alfajiri.

Christina alikunywa funda moja, akaweka kikombe, akakohoa. "Sasa mkwe, mimi si mtu wa kuzunguka. Huyu mtoto ni mimba ya kwanza. Nimeona akajifungulie kwangu, nimwangalie. Mambo mengine tutayasikia huko mbele."

"Ni haki yako," Modesta akasema. "Lakini kuna kitu chake hapa. Siwezi kukuacha umchukue bila kukiona."

Akaingia ndani. Rhobi na mama yake wakatazamana. Akarudi na chungu kifuani, akatandika ungo mkubwa juani, akakata kamba kwa kisu, akamimina.

Vidudu vilikimbia huku na huku juu ya ungo. Jogoo akasogea, akainamisha kichwa kuangalia kwa jicho moja.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakunyima," Modesta akamwambia Rhobi. "Ni uji wako. Wa siku arobaini. Mama mkwe wangu aliniwekea hivihivi, nikanywa, nikapona. Na mimi nikakuwekea tangu nilipokuona unatema mate pale kwenye mnanasi. Yeye aliweka punje. Mimi nikaweka unga, kama mtu asiye na akili, na sikufunua kutazama hata siku moja. Alhamisi nilikuwa nyuma ya jiko, nilisikia. Sikusikia ubaya. Ulisema ulichokiona."

Rhobi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Mama," akasema hatimaye, polepole, "tangu ule mnanasi? Nilikuwa bado sijamwambia hata Joel."

"Nilikuona."

Christina akainama kwenye ungo, mkono kiunoni. Sauti ya kibanda ilikuwa imemwishia. "Mama mkwe wangu mimi alikuwa na kibuyu," akasema. "Miaka hiyo kabla hatujahamia mpakani. Kibuyu kirefu, amekitundika juu ya moshi. Nilimchukia kwa sababu ya hicho kibuyu." Akapangusa kidudu kilichopanda ukingo wa ungo. "Halafu tukaja Sirari, tukaanza kununua uji wa pakiti, nikasahau kabisa. Sijamwambia huyu. Ningemwambia, angejua."

"Na mimi ningemwambia, angenikumbusha kuuanika," Modesta akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuweka wewe nje ya kitu chako mwenyewe."

Rhobi akapiga hatua moja, akasimama. Alikuwa akimtazama Modesta usoni, kisha mikononi, kisha kwenye mifupa ya shingo, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza mchana. "Ndiyo maana," akasema, "kila siku unasema umeshiba."

Modesta akainama. Akachukua ufagio, maana vidudu vilikuwa vinafika miguuni pa mgeni.

"Sasa hii takataka unaipeleka wapi?" Christina akauliza.

"Takataka ipi? Kuku hawa!" Akawapigia mluzi, na kuku wakaja mbio, wa kwake na wa Frida, wakaushambulia ungo.

Christina akaangua kicheko mpaka akashika kiti. "Rhobi! Umesikia? Hata wadudu hawapotei hapa!"

"Mayai yatakayotagwa nitakuletea Sirari," Modesta akasema, na safari hii Rhobi naye akacheka, machozi yakimshuka, asiyafute.

Begi lilibaki nyuma ya mlango.

Jumapili walikwenda kanisani watatu. Baada ya ibada Modesta alisimama mbele ya wanawake wa jumuiya, mikono ameishikanisha, na hakuwa na karatasi. Alisema katekista amemfundisha neno moja na Mungu amemfundisha lingine juu yake. Akasimulia chungu chote, bila kuacha mdudu hata mmoja. "Mimi nilidhani uwekevu ni kuweka," alisema. "Kumbe kuweka ni nusu tu. Nusu nyingine ni kufunua, kutazama, na kumwonyesha mwenye kitu. Mkibana, baneni. Lakini mtu mnayembania ajue ni yeye." Akakaa. Hayakuzidi maneno hayo. Hata hapo alibana.

Frida akanyoosha mkono. "Swali, mama Joel. Kuku wangu waliokula, wana deni?"

"Walete wale na kesho," Modesta akajibu, na somo likaishia hapo kwa vicheko.

Waliporudi nyumbani Christina alikaa kivulini kuvua viatu. Gari la Sirari lilikuwa linapita saa tisa. Modesta alikwenda kuvunja kuni, akizivunja ndogondogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kuingia ndani aone kama begi lipo au limetolewa nje.

Rhobi alitoka ghalani, anatembea kwa kuegemea nyuma kama watembeavyo waja wazito, na debe dogo la ulezi kiunoni. Punje, sio unga. Akaketi kwenye kigoda karibu na ungo uliokwisha kuoshwa, akaanza kupepeta, wa kupeleka mashineni Jumatatu. Modesta aliacha kuvunja kuni.

Rhobi alipomaliza kupepeta alifumba konzi moja. Ilikuwa konzi ndogo, ya mkono mchanga, na punje chache zilimponyoka kati ya vidole. Akaziokota moja moja, zote, mpaka ya mwisho iliyokuwa imeingia kwenye ufa wa udongo. Kisha akainua uso.

"Mama," akamwita Modesta, "hii tunaiweka wapi?"

Christina, pale kivulini, alitazama saa ya simu yake, akatazama viatu, kisha akavisogeza pembeni kwa mguu.

"Weka mahali unapopaona," Modesta akasema, na akageuka upesi kwenye kuni zake, maana moshi ulikuwa unamwingia machoni, ingawa moto ulikuwa bado haujawashwa.